Punje Nne za Kahawa

Miaka ya tisini, fundi wa mjini aliinamia pikapu yangu, akasema kompyuta ya injini imekufa na mwanamke asiiguse. Shemeji yangu akaitikia. Gari langu, lililotokana na kahawa ya shamba langu Isingiro, halafu nisiliguse!

Walipokwenda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nilifungua boneti, nikaunganisha kwa waya matundu mawili ya soketi ya kupimia injini, ili kompyuta itaje kosa kwa kukonyeza taa, kama dereva mmoja wa Murongo alivyonifundisha. Nikawasha swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini ikaanza kukonyeza. Kila ilipowaka niliweka kwenye kisahani punje ya kahawa ya kutafuna, ile tunayowakaribishia wageni. Mbili, ikatulia, mbili tena. Karatasi aliyoniachia yule dereva ilisema mbili na mbili ni hitilafu ya sensa, kile kifaa kinachopima joto la maji ya injini. Nikafuata waya wake, nikakuta panya ameukata. Nikauunga, nikachomoa fyuzi ili kompyuta isahau kosa, nikairudisha, nikatoa na ule waya wa kwenye soketi. Nikawasha; injini ikanguruma, taa ikazimika.

Wakarudi mbio. “Nani kalitengeneza?” shemeji akauliza.

Nikawasogezea kile kisahani. “Tafuneni, shemeji. Hizo punje nne ndizo zilizojua kuliko fundi wako.”