Nailoni Niliyoibandua

Mimi ni fundi redio, na hasira zangu zilijulikana Nyakato nzima. Mteja akiniuliza mara mbili kama redio yake itapona, nilikuwaga namrudishia mkononi aende kwa anayejua zaidi. Lakini mwalimu mmoja wa kike, aliyekuja kutoka Murangi na kompyuta ya mapajani kaifunga kwenye khanga, aliniuliza mara tano na sikumfokea.

"Fundi, itapona?"

"Weka kwanza, mwalimu, nione."

Ilikuwa imeanguka kutoka kwenye keria ya baiskeli. Kioo kimepasuka kona hadi kona, weusi umevia ndani. Akanieleza kilichokuwamo. Baba yake alikuwa ameandika habari za ukoo wao kwa Kijita, lugha yao, nani alimzaa nani na nani alizikwa wapi, miaka na miaka kwenye madaftari. Yeye binti yake akawa anayachapa kwenye kompyuta ile kila likizo alipokuja mjini penye umeme. Kisha mchwa wakayala madaftari. Na sasa mzee alikuwa amelazwa Bunda, na kila akiamka anasema jambo lile lile: nisomee sehemu ya mwisho, kuna mahali nimepaacha.

"Hataki kuniambia ni wapi," mwalimu akasema. "Anasema mpaka asikie. Na daktari ametuambia tusikae mbali."

Nilikuwa sijawahi kufungua kompyuta. Ila mimi ni mtu wa miaka ile ya shida, tulipoanika betri juani ili redio iseme tena walau taarifa ya habari, na spea ilikuwa chochote kilichoko mkononi. Woga wa kufungua kitu ulishanitoka. Nikakumbuka ofisi moja ya mjini iliyokuwa na kompyuta ya aina ile ile stoo, imekufa. Wakanipa kioo chake, nikakifunga.

Nikawasha. Taa ndogo ikawaka, feni ikavuma, kioo giza totoro. Nikafungua upya, nikapekua waya mmoja mmoja, nikakuta utepe mmoja umekaa upande. Nikausukuma mpaka ukaingia sawasawa, nikawasha tena. Picha hiyo! Mwalimu akapiga kigelegele mpaka muuza vitumbua wa jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Ningeishia hapo ningekuwa bingwa.

Lakini sisi mafundi tulikuwa na desturi yetu. Biashara ilipofunguliwa, vitu vipya vilianza kuingia vikiwa na nailoni juu, na watu waliokwisha kuchoka na vikuukuu walitaka kuiona ile nailoni ikibanduliwa mbele ya macho yao. Hapo ndipo mteja anaamini umemfungia kitu kipya. Sasa kioo hiki kilikuwa na mikwaruzo, na kwenye kona moja ngozi nyembamba imeanza kunyanyuka. Nikajiambia, kumbe nailoni yake haijatolewa! Nikazima mashine.

"Sogea, mwalimu. Uone kikiwa kipya."

Ilishika kwelikweli. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini nailoni inashika hivyo. Mimi nikavuta kwa nguvu mpaka ikatoka yote, nzima, nikampungia mwalimu kwa maringo. Kisha nikawasha.

Kioo kilikuwa cheupe pe. Mwanga upo, neno hata moja hakuna.

Nikafungua, nikafunga. Nikachomoa utepe, nikaurudisha, mara tatu. Cheupe vile vile. Nilijitukana matusi ambayo sijawahi kumtolea mteja. Mwalimu aliketi kwenye stuli, akasema neno moja tu, "Baba," na machozi yakamtoka. Nilitamani anipige.

Nikaiokota ile ngozi mezani, nia yangu niibandike tena hata kwa gundi. Nikaishika mbele ya kioo ili nipime kona zake. Subhanallah! Ndani ya ngozi ile yalikuwapo maandishi. Nikaiondoa, cheupe. Nikairudisha, maneno ya mzee yamejipanga mstari kwa mstari. Nikaigeuza wima, maandishi yakawa meupe, kioo kikawa cheusi. Miaka yote ile nilikuwa nikichezea umeme nikidhani naujua, kumbe mwanga unaweza kubeba maneno mbele ya macho yangu nisiyaone!

"Mwalimu, njoo. Usiulize, njoo tu."

Akachungulia. Akasema "Yesu wangu," akaketi chini sakafuni.

Baadaye sana nilielezwa kwamba ile haikuwa nailoni, ilikuwa sehemu ya kioo chenyewe, ile inayochuja mwanga mpaka maandishi yaonekane. Siku ile sikungoja maelezo. Nilitoa picha ya harusi yangu kwenye fremu, nikaipachika ngozi humo, na asubuhi tukapanda basi la Bunda.

Wodini muuguzi alituachia soketi. Mzee alikuwa amekonda, ila macho makali. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama kioo kitupu kisha akanitazama mimi kama tapeli. Nikasimamisha fremu mbele. Mzee akashika mdomo. Wagonjwa wenye kujiweza walitoka vitandani, kila mmoja akitaka kuchungulia mara moja.

Mwalimu akaanza kusoma. Kijita nakisikia kiasi, na majina hayahitaji mkalimani. Alisoma mababu, akasoma ndugu za mzee, akafika kwenye watoto wa mzee mwenyewe, na wa kwanza akasoma jina lake yeye.

Mzee akainua mkono. "Hapo."

"Hapo pana nini, baba?"

"Wa kwanza si wewe, mama. Alikuwapo mwingine. Alikufa mwaka wa njaa, hajaanza kutembea. Mama yako alinikataza nisimtaje, na mimi nikanyamaza mpaka nikamwandika mama yako mwenyewe bila huyo mtoto."

Mwalimu alikuwa ameshaweka vidole kwenye herufi. "Aliitwa nani?"

Mzee akamgusa mkono. "Jina lake tulikupa wewe."

Fremu sikuishusha. Mwalimu akafungua mstari mpya, akachapa jina lake juu ya jina lake, taratibu, herufi moja moja.

"Soma sasa," mzee akasema. "Anzia kwa wa kwanza."

Akalisoma jina lile mara mbili.