Nusu ya Kubakisha

Mimi ndiye niliyepanga betri za kituo cha afya kule Muheto, na kosa langu lilikuwa neno moja. Vilima vya Masisi hushikwa na ukungu siku nne mfululizo, na paneli bila jua ni mabati tu. Kwa hiyo nilipiga hesabu: nusu ya umeme wa betri isiguswe, iwe ya friji ya chanjo siku jua litakapogoma.

Mkutanoni niliwaambia watu, "Nusu iko ya kubakisha." Wote wakaitika. Muuguzi, mama wa makamo, akaandika kwa chaki juu ya betri: YA KUBAKISHA. Nilifurahi kama mpumbavu. Kwetu, chakula kilichobakishwa chunguni ni cha mgeni atakayefika baadaye, na kumnyima ni aibu. Nililelewa hivyo, nikasahau nilipopata kompyuta na posho.

Ukungu ukaja. Wakaja pia wakimbizi na simu zilizozima, wanatafuta ndugu zao. Muuguzi akawachajia zote. "Ile ya kubakisha njo ya wageni," aliwaambia. Siku ya tatu friji ilinyamaza. Siku ya nne akina mama wakashuka na watoto mgongoni, wakakuta chanjo zimeharibika. Walirudi kama walivyokuja.

Nilipofika nilimfokea yule muuguzi mbele ya watu. 

"Papa," akasema, "ungesema mbegu. Ya kubakisha tunapatiaka wageni. Lakini mbegu, hata njala iingie namna gani, hakuna muntu anakulaka."

Niliona haya, na haya ikanizidishia hasira. Wakubwa walitaka ripoti. Nyani haoni kundule: niliandika kwamba mitambo ilikuwa sawa, ila mtumiaji hakufuata maelekezo. Mtumiaji alikuwa mmoja tu. Nilijua, nikatia sahihi, maana nilikuwa naitamani kazi ya kupanga betri za kituo cha Walikale. Mwezi uleule akaondolewa kituoni. Siku hizi analima maharage Lushebere, shamba la watu.

Kazi ya Walikale nilipewa. Mkutanoni nilisimama nikasema, "Nusu ya betri iko mbegu." Hakuna aliyeuliza swali, na friji ya huko haijazima hata siku moja. Wakubwa walinisifu kwa kujua kusema na wananchi. Mmoja akaniuliza neno lile nililitoa wapi.

Nikamjibu kwamba nimezaliwa nalo.