Maandishi Madogo Chini ya Jedwali

Ijumaa ile, baada ya Alasiri, nilikuwa mtaa wa Makadara, hapa kisiwani kwetu, kwa mama mmoja anayechapisha karatasi, namwomba anitolee jedwali langu kwa mara ya tatu kwa sababu niliona mstari mmoja umepinda.

"Mstari umenyooka huo, dada," akaniambia. "Kilichopinda ni roho yako."

Alisema kweli. Masomo yangu ya darasani yaliishia kidato cha nne. Sheria nimejisomea mwenyewe, kwa simu na vitabu vya kuazima, na kila siku naogopa kukamatwa sijui jambo ambalo wenzangu walifunzwa mwezi wa kwanza. Ndiyo maana nachapisha mara tatu.

Jedwali nilimtengenezea binamu yangu, binti ya ami yangu. Alikuwa amekubaliwa kusomea sheria katika vyuo viwili, kimoja hapa kisiwani, kimoja Nairobi. Kila chuo kilikuwa kimeweka kwenye tovuti taarifa kwa waombaji: ada, utaratibu wa kurudishiwa ada, wangapi waliingia, wangapi waliacha, wangapi walifaulu mtihani wa uwakili. Wengi huzipita kurasa hizo. Mimi nilizisoma mwezi mzima, nikazipanga kwa safu na rangi, na safu ya kufaulu ikaonyesha kwamba chuo cha kisiwani kiko mbele.

Ami alifurahi, maana hakutaka bintiye alale mbali. Akaalika watu waje wasome Fatiha jioni hiyo. Kwetu jambo likishasomewa Fatiha mbele ya watu limefungwa, na anayelirudisha nyuma huwaaibisha wote walioinua mikono. Kawaida huwa ni posa. Ami akaona na chuo kinafaa kusomewa. Nairobi nao walikuwa wakingoja jibu hadi saa kumi na moja jioni hiyohiyo. Asipojibu, nafasi yake angepewa mwingine.

Mashine ikiwa inachapisha, nikafungua ukurasa wa chuo cha kisiwani kuhakikisha neno moja. Nikashuka chini kuliko nilivyowahi kushuka. Hapo, kwa maandishi madogo, walieleza kwamba katika kufaulu wamehesabu wale tu waliofika mwaka wa mwisho na kuufanya mtihani. Nikairudia safu ya walioacha masomo, ambayo niliinakili mwenyewe kwa rangi ya kijani bila kuifikiria. Walioondoka njiani walikuwa wengi kuliko waliobaki. Nairobi waliwahesabu wote walioingia.

Chuo hakikuficha kitu. Mimi ndiye niliyelinganisha vitu viwili visivyolingana, kwa mistari iliyonyooka.

Nilimpigia binamu yangu, hakupokea. Nikachukua tuk-tuk, ikakwama mwanzo wa barabara ya Ndia Kuu nyuma ya mkokoteni wa maji, nikashuka na kumalizia kwa miguu, buibui nimelikusanya mkononi. Nilipofika juu, nyumbani kwa Ami, wanaume walikuwa wameshaketi ukumbini na mwalimu wa madrasa anajiweka sawa.

"Wakili wetu huyo!" Ami akasema. "Lete karatasi, mwanangu, ukakae na wenzio."

Pumzi ya kusema nilikuwa nayo. Nikampa karatasi, nikapita pazia la upande wa wanawake, nikakaa kando ya binamu yangu. Mikono ilipoinuka, na yangu ikainuka. Nikaitikia amina.

"Una nini?" binamu yangu akaniuliza.

Nikamwambia yote kwa kunong'ona, sinia ya halua ikipita mbele yetu.

"Ulijua lini?"

"Makadara."

"Kabla ya Fatiha?"

"Kabla."

"Na ukainua mikono."

"Nikainua."

Akaninyang'anya simu. Nilipotaka kumwonyesha mahali, akausukuma mkono wangu. "Usinisomee. Ntasoma mwenyewe." Alisoma polepole, ukurasa wa kisiwani kisha wa Nairobi, mimi nikiitazama saa ya ukutani mpaka macho yakaniuma. Kisha akatengeneza mtandio wake, akasimama penye pazia.

"Baba, niwie radhi. Nataka kwenda Nairobi."

"Nairobi gani tena?" Ami akauliza. "Watu wameshasoma."

"Wamenisomea nipate elimu, Baba. Sikuolewa na chuo."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Ami hakucheka.

"Nani kakutia maneno haya?"

Binamu yangu hakunitazama. Najua angenyamaza, na mimi ningebaki yule msichana anayejua kusoma karatasi. Nilitaka sana kubaki yeye. Nikajitokeza kando yake.

"Ni mimi, Ami. Jedwali nimelikosea. Na nilijua kabla hamjaanza."

"Ukakaa kimya?"

"Niliogopa kuonekana sijui."

Akaitazama karatasi iliyokuwa gotini mwake. Akaikunja mara mbili. Hakuna aliyegusa kahawa.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Kumi na dakika hamsini."

Akaitia karatasi mfukoni. "Haya, ajibu," akasema hatimaye, bila kumtazama yeyote. "Na wewe, kawaeleze hawa mmoja mmoja walichoinulia mikono. Usiniachie mimi aibu hii."

Nikaanza na mwalimu. Nilikuwa katikati ya maelezo ya wale walioacha masomo nilipomsikia binamu yangu nyuma ya pazia akisema, "Jibu limekwenda."