Siku Niliyomtaja Riziki Kisimani Mnarani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, kwa siku moja nzima nilikuwa upawa. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyeamua hivyo, asubuhi na mapema, akiwa ametusimamisha uani kwetu Malindi, mimi na Riziki, sare zimenyooshwa pasi, mahamri yamefungwa kwenye gazeti, tayari kwa safari ya shule kwenda kuona magofu ya Mnarani.

"Kule mnakokwenda nyinyi si watu," alisema. "Wewe ni Kawa, kazi yako kufunika chakula," akamwambia Riziki. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ni Upawa, maana hakuna chungu usichochungulia. Atakayewaita kwa majina yenu msimwitikie. Na wallahi nisisikie mtu ametaja jina la mwenziwe pamoja na la mamake. Wenyewe wakishapata jina lako na la mamako, wamekupata mzima."

"Na vyombo hawavichukui?" nikauliza.

"Vyombo vya nini? Wana vyao."

Wenyewe, kwa msomaji asiyekulia kwetu, ni wale wasioonekana wanaobaki katika mji baada ya watu wake kuondoka. Hatuwataji zaidi ya hapo, na hata mimi niliyekula nyama ya sungura Milano na kulala peke yangu katika hoteli za miji nisiyoweza kutamka majina yake, kalamu inanisita kuwaandika kwa jina lao kamili. Na habari ya jina la mama kila mtu wa pwani anaijua. Nenda kwa mganga yeyote, atakuuliza jina lako na la mamako. La baba haulizi. Baba huenda ikawa ni maneno ya watu tu. Mama hana ubishi.

Riziki alikuwa binti wa mamangu mdogo, Mwanaidi. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukalala kitanda kimoja, na kwa sababu hiyo alijua siri yangu kubwa, kwamba katika umri wa miaka kumi nilikuwa bado nakojoa kitandani. Kila alfajiri tulikuwa tukiligeuza godoro pamoja kabla Bibi hajaamka. Hakuwahi kunisema kwa mtu.

Siku hizo daraja la Kilifi lilikuwa halijajengwa. Ule mkono wa bahari unaoingia bara, sisi tukiuita mto, ulivukwa kwa feri, na Mnarani iko ng'ambo, juu ya mwamba. Tulijazana kwenye feri darasa zima, na mimi, kama kawaida yangu, nikaanza mzaha. Nilimwiga mwalimu wetu, Mwalimu Wekesa, mtu wa bara, mrefu, mpole, aliyeogopa maji kiasi cha kushika chuma cha feri kwa mikono miwili huku akituhakikishia kwamba hakuna la kuogopa. Kisha nikaanza kuwachokoza wenzangu mmoja mmoja. Nilipofika kwa Riziki, nikasema Kawa wetu huyu ametoboka, angalieni meno yake ya mbele.

Riziki hakuwa mwepesi wa maneno. Lakini siku hiyo yalimjia.

"Afadhali kawa lililotoboka," akasema. "Upawa wetu huu huvuja usiku, mpaka godoro linaanikwa."

Ilichukua muda kidogo hadi wakaelewa. Halafu feri nzima ikalipuka. Nimechekwa na watu wengi tangu siku ile, wengine wakinilipa niwapikie, lakini sijawahi kuchekwa hivyo. Hata kuli wa feri alicheka. Nami nikacheka pia, maana mcheshi akichekwa hana pa kwenda. Ndani yangu nilikuwa nawaka.

Tukapanda ngazi za mawe hadi juu. Mji wenyewe ulikuwa umefyekwa vizuri, umezungushiwa ua na kuwekwa bawabu. Kuna msikiti usio na paa, makaburi ya nguzo ndefu, kuta zilizoliwa na mizizi, na kisima kirefu ambacho ukichungulia huoni maji, unahisi baridi tu usoni. Kando ya kaburi moja mtu alikuwa ameacha kichupa cha marashi na kipande cha halua juu ya jani. Siafu walikuwa wameshaifikia. Watoto wa mjini sisi, wapiga kelele, tukawa tunanong'ona bila kuambiwa.

Hapo karibu na kisima ndipo Mwalimu Wekesa alipofungua daftari lake la mahudhurio.

Alitaka kujua kama tumetimia, maskini. Akaita jina la kwanza. Kimya. Akaita la pili. Kimya. Watoto tuliokuwa mbele yake, macho yetu kwake, hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na bibi yake, na kila bibi alikuwa ametoa onyo lake asubuhi.

"Mmekuwa mabubu?" akauliza. "Ali! Si nakuona?"

Ali akatazama chini.

"Riziki!"

Riziki akauma midomo. Mwalimu akarudia, sauti imepanda, na sasa alikuwa amekasirika, kwa vile kwake yeye ule ulikuwa ukaidi mtupu. "Riziki yupo au hayupo?"

Najua kilichonipitia. Nimekuwa na miaka mingi ya kukichunguza. Nilikuwa bado naisikia ile feri ikicheka, na nikaona njia moja tu ya kuwafanya wasahau. Nikapiga hatua hadi kisimani, nikainama, nikapaza sauti yote niliyokuwa nayo:

"Riziki wa Mwanaidi yupo!"

Kisima kikapokea, kikalirudisha jina kutoka chini, zito, kama limesemwa na mtu mzima.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Wekesa akaweka alama daftarini, akaendelea. Riziki alinitazama, na halikuwa jicho la hasira. Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu na hajui aanze wapi.

Tuliporudi Bibi alitusubiri kwenye baraza. Tukamwamkia, shikamoo Bibi, akaitikia marahaba huku ametukazia macho.

"Nani katajwa?"

"Hakuna," nikasema.

Akamgeukia Riziki. "Kawa?"

"Hakuna, Bibi," akasema Riziki. Hakunisemea. Usiku ule tulilala mgongo kwa mgongo, na alfajiri akanisaidia tena kugeuza godoro.

Siku ya tatu alirudi kutoka chuoni, kusoma Kurani, akisema kichwa kinamuuma. Kufika siku ya nne, mchana, alikuwa anawaka moto, hataki mwanga, shingo imekakamaa, akiguswa analia. Babake Riziki hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitoka, akarudi na mkokoteni wa jirani, akautandika mkeka. Hospitali haikuwa mbali. Tungefika kabla ya adhana ya alasiri. Mama mdogo alikuwa ameshamfunika Riziki kwa kanga zake mbili, ameshambeba, ameshaufikia mlango wa mbele na mguu mmoja uko nje.

Nami nikasema kweli.

Nataka nieleweke hapa. Nilikuwa muongo wa kutegemewa. Nilikuwa nasema uongo kuhusu sukari, kuhusu kazi za shule, kuhusu nani kavunja nini. Lakini nilipomwona Riziki amelegea begani kwa mamake, jambo lile likanikaba, nikaanguka chini nikilia: "Nilimtaja mimi! Kisimani! Jina lake na lako, mama!"

Mama mdogo akasimama. Bibi akatoka jikoni, mikono ina unga. Babake Riziki akasema, "Twendeni, hayo baadaye," na Bibi akamjibu kwa utulivu, "Baba, hospitali watampa dawa ya homa. Hii si homa." Wakatazamana. Mama mdogo akaurudisha mguu ndani, akamlaza Riziki kwenye mkeka.

Aliitwa mzee wa kusoma kombe. Alikuja haraka, alifanya kazi yake kwa moyo mweupe, aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa marashi, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Mtu alitumwa Mnarani na ubani na kuku mweupe kwenda kuliomba jina lirudishwe. Siku mbili. Katika siku hizo mbili Bibi hakunipiga hata kofi. Alinikalisha karibu naye, akanipa halua mkononi, akaniambia, "Umefanya vyema kusema, mwanangu. Ungenyamaza tungempoteza." Nilikula ile halua. Ilikuwa tamu.

Mwalimu Wekesa ndiye aliyekuja kuulizia kwa nini hatuonekani shule. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akamwona Riziki. Hakuomba ruhusa. Alimbeba kama alivyo, akatoka naye barabarani, miguu mitupu, anakimbia, na mama mdogo nyuma yake anapiga kelele, sijui za kumzuia au za kumhimiza.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Daktari aliuliza swali moja, nami nilikuwepo, nimeshika pindo la buibui la Bibi: "Siku hizi mbili mlikuwa wapi?" Mama mdogo akasema tulikuwa tunamtibu.

Riziki aliishi. Masikio yalikufa, yote mawili. Na kwa kuwa lazima alaumiwe mtu, alilaumiwa Mwalimu Wekesa, mtu wa bara aliyesoma majina ya watoto mahali pale. Wazazi walikwenda shuleni. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameomba uhamisho. Mimi sikulaumiwa na mtu. Mimi, Batuli, ndiye niliyesema. Katika ukoo wetu hadi leo wanasimulia hivyo: Riziki alikuwa anakwenda, Batuli akasema, akarudi.

Nami niliisadiki hadithi hiyo mpaka nikawa mtu mzima. Nilikwenda Maskati kulea watoto wa watu, nikaenda Milano kuwapikia watu, na kote huko nilikuwa nikiwachekesha kwa kisa cha Upawa, nikikatisha pale kwenye feri. Siku moja Milano mtoto wa tajiri wangu, wa miaka tisa, alirudi shule akisema kichwa kinamuuma, hataki mwanga, shingo imekakamaa. Mamake hata viatu vya nje hakuvaa. Tulifika hospitali ndani ya nusu saa. Baada ya wiki mbili mtoto alikuwa anaendesha baiskeli kwenye ukumbi na kugonga makabati yangu, na mimi nikajifungia chooni nikalia hadi tajiri akadhani nimepata habari ya msiba kutoka nyumbani.

Mwaka jana nilikwenda kumwona Riziki. Anaishi Gongoni, mumewe anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, yeye ana cherehani, na ni fundi hasa: wanawake hutoka mbali kuja kushonewa. Anasema kwa sauti kubwa, iliyonyooka, kwa vile hajisikii. Mimi namwandikia kwenye simu, nampa, anasoma, ananijibu kwa mdomo. Tuna mazungumzo mazuri sana hivyo. Ananifanya nifikiri kabla ya kuropoka.

Siku hiyo alikuwa amenipikia samaki wa kupaka. Akaniwekea kipande cha kichwa, akamwambia binti yake, kama anavyosema kila nikija, "Mpe Mama Batuli maji ya kunawa. Huyu ndiye aliyenirudisha duniani."

Sikuweza kulisikia hilo tena. Nikaichukua simu, nikaandika yote. Mkokoteni mlangoni. Mguu wa mamake nje. Mtoto wa Milano. Niliandika kwamba lau ningenyamaza siku ile, angekuwa anasikia. Nikampa.

Alisoma. Akarudi juu, akasoma tena, kidole kinafuata maneno. Binti yake alitutazama sote wawili, akajua si mahali pake, akatoka na birika.

"Umeyajua haya tangu lini?" Riziki akauliza.

Nikaonyesha vidole vyote kumi, kisha kimoja. Miaka kumi na mmoja.

"Na leo ndiyo umeona uniambie."

Niliandika: nilitaka ujue kweli. Akausoma ujumbe, akaisogeza simu mbali kidogo na macho, kama bibi harusi anayekataa kitambaa alichoonyeshwa na fundi.

"Miaka yote," akasema kwa ile sauti yake kubwa, na nadhani jirani walisikia, "mimi nina ugomvi na wenyewe wa kisimani. Siwaoni, hawanioni. Nimeuzoea. Mama alikufa akijua ni wao, akafa ameridhika, mkono wake uko mkononi mwangu. Sasa wewe unaniambia si wao. Basi ni nani aliyenirudisha ndani, Batuli? Ni nani aliyenilaza mkekani? Nimkasirikie mama yangu?"

Nikaiweka simu chini.

"Kula," akasema. "Kinapoa."

Nikala. Alinitazama nikila hadi nikamaliza, akanisindikiza hadi kwenye bodaboda, akanifunga mtandio vizuri usipeperushwe. Njiani kuelekea Malindi nilijaribu kujitetea kwa namna zote ninazozijua. Kwamba nilikuwa mtoto. Kwamba kweli ni kweli. Sikatai kwamba wenyewe wapo. Mimi si msomi kiasi hicho. Ila ninachokijua ni kwamba hawakumfanyia Riziki lolote. Mara mbili katika maisha yangu jambo lilinikaba, na mara zote mbili nilipata nafuu kwa kulitua kwake, tena mara zote mbili nikaita huko kutua kwangu kusema kweli.

Namwandikia kila Ijumaa. Najua anausoma ujumbe, simu inanionyesha. Hajibu.