Nyimbo Zilizopita kwenye Waya

Mpaka leo nasikia misumari ikitolewa kwenye mabati: kii, kimya kidogo, halafu kii nyingine. Kampuni ya mgodi ilitaka ardhi ya upande ule wa mtaa wetu, Dilala, na watu walikuwa wanajibomolea paa wenyewe, wabebe mabati kabla katapila haijafika. Alama nyekundu za kubomoa ziliishia kwenye ukuta wa jirani yetu. Sisi hatukuguswa. Nilishukuru Mungu, halafu nikaona haya kwa kushukuru.

Jirani yule alikuwa mama mjane. Mume wake aliongoza korali ya parokia, na nyimbo zake alizirekodi kwenye kompyuta yetu, kwa sababu kompyuta ya kwao ilikuwa kuukuu, hata tundu za kuingiza clé, kile kijiti cha kubebea nyimbo, zilishakufa. Mi nilipitisha waya juu ya paa kati ya nyumba mbili, basi kila Jumapili mama alizisikiliza kwake, zikitoka kwetu. Siku hiyo ya kuhama zilipaswa kuhamia kabisa kwenye mashine yake, kabla kamio ya kubeba vitu haijafika.

Lakini mashine hazikuonana.

Nilikaa kwenye chumba chao, kompyuta iko juu ya godoro lililofungwa kamba, inavuta umeme wa kwetu. Niliizima, nikaiwasha. Nikakagua namba za mtandao za mashine zote mbili, hazikuwa na kosa. Nikaita ile ya kwetu kupitia waya. Hakuna jibu.

"Unaiita, haiitike?" mama aliuliza, akifunga sahani ndani ya kitenge.

"Inanyamaza tu, mama."

"Basi ni ya mume wangu kweli. Naye ulikuwa ukimuita wakati anakula, ni vile vile."

Tulicheka. Kusema kweli nilikuwa nafurahi. Napenda kutafuta kosa lililojificha, nasahau hata njaa. Nilisahau kwamba jua lilitupiga kichwani kwa sababu nyumba haikuwa tena na paa.

Nikaangalia nyuma ya mashine: taa ndogo ya waya imezimika. Nikapanda ukuta. Wakati wa kung'oa paa, bati moja lilibana waya na kukata nyuzi ndani. Nikakata pale palipoumia, nikapanga nyuzi kwa rangi zake, nikakaza kichwa kipya cha plastiki, nikasogeza mashine karibu na ukuta maana waya ulifupika.

Taa ikawaka kijani. Nikapiga makofi, nikaruka kama mtu aliyeshinda mechi. "Zinaonana, mama. Zinaonana."

Ndugu zake waliokuwa wanabeba kabati walisimama, wakaniangalia. Nikashusha mikono. Mama akatabasamu, ananihurumia mimi, yeye anayefukuzwa. Tabasamu lile bado linaniuma.

Nyimbo zilimaliza kupita, kamio inapiga honi. Mama alifungua mmoja, akasikiliza mwanzo wake, akafunga.

"Kwenu zingali ziko?"

"Ziko, mama. Nitazichunga."

"Hapana, mwanangu. Kaburi yake inabakia hapa. Sauti isibakie, naenda nayo. Uzifute."

"Zote?"

"Hata ile unapenda."

Kamio ilipoondoka nilirudi kwetu, chini ya paa letu zima. Kulikuwa na wimbo mmoja niliozoea kuuimba nikifua nguo. Nilifunga mlango, nikakaa mbele ya kompyuta. Nikazichagua zote bila kufungua hata mmoja, nikafuta, halafu nikamwaga na kapu la takataka la kompyuta, zisirudi tena.