Siku Mama Shemasi Alipojibu kwa Niaba Yangu

Timu yetu ya chesi ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ilikuwa na watu wanne, na watatu kati yetu tulikuwa wanaume wenye maneno mengi. Wa nne alikuwa mama shemasi wa kanisa letu, fundi wa kushona, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, kama mimi. Aliposogeza kete midomo yake ilicheza, utadhani anasali.

Mashindano ya timu yalifanyika Lilongwe. Zilikuja timu za Zambia na Msumbiji, ila mechi yetu ya mwisho ilikuwa na Wamalawi. Iliangukia tarehe thelathini Juni, siku ya uhuru wa Kongo. Asubuhi kapteni wetu alituambia, "Leo ni trente juin, bantu bangu. Leo hatupoteze."

Mpinzani wangu alikuwa mwalimu wa shule, mkazi wa mtaa wa Biwi hapo hapo Lilongwe, mtu mzima mwenye koti lililofifia. Wenzangu walikuwa wamemaliza: tulikuwa na pointi mbili, wao moja. Nikitoka sare tu, kombe ni letu. Mama shemasi alisimama nyuma ya kiti changu, kitambaa chake cha kanisa kichwani, akitazama.

Nikashika ngome. Niliinyanyua kidogo, na hapo hapo nikaona farasi wake atakavyoruka, amtishe mfalme wangu na malkia kwa pigo moja. Nikairudisha, nikasogeza kete nyingine.

Mwalimu akainua mkono. Sheria ya chesi kila mtu anaijua: kete uliyoigusa ndiyo unayoicheza.

"Ameshika ngome," alimwambia mwamuzi.

"Sikushika," nikasema.

Mwamuzi alitutazama sote wawili. Mwalimu ndiye aliyesema, kwa upole, "Muulize yule mama. Ni mtu wa kanisa. Atakachosema nitakikubali."

Sikugeuka. Ningegeuka, labda ningesema kweli mwenyewe. Nilitazama ubao tu, nikamsikia mama akivuta pumzi.

"Sindinaone," alisema kwa Kichewa. Sikuona.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaendelea kucheza. Tukatoka sare.

Njiani kurudi tulisimama Lumbadzi kununua soda. Wenzetu waliimba, wakapiga picha na kombe. Mama shemasi hakushuka garini. Nilimpelekea chupa dirishani; akaipokea, akaiweka miguuni bila kuifungua. Jumapili iliyofuata hakusimama kusoma Neno. Mchungaji alimwita, yeye akatikisa kichwa kukataa. Wiki hiyo alimrudishia kapteni ubao wa chesi aliokuwa nao, akasema ana nguo nyingi za kushona.

Mimi nilijua sababu. Usingizi wangu ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi.

Tarehe sita Julai Wamalawi nao wanasherehekea uhuru wao, shule zimefungwa. Nilienda Biwi, nikauliza hadi nikampata mwalimu akichuma mboga nyuma ya nyumba.

"Pepani," nikasema, nikimwomba radhi kwa Kichewa. "Ngome niliishika."

"Najua," akajibu. "Niliiona."

"Mbona ulikubali?"

"Nilikuwa nimesema nitamwamini mama." Akafuta mikono kwenye suruali. "Yeye hajambo?"

Nikainama kumsaidia kuchuma mboga. Alinikaribisha nsima, ugali wa Wamalawi, nikala.

Kesho yake nilienda kwenye kibanda cha mama shemasi. Alikuwa kwenye cherehani, anapinda sketi ya shule. Nilimweleza yote: Biwi, mboga, nsima, jinsi mwalimu alivyonipokea vizuri. Nadhani nilitegemea afurahi. Aliacha kukanyaga mashine.

"Ulienda juu yako weye," alisema. "Ulienda kutua muzigo yako. Na yangu?"

"Mama, nisamehe. Kosa ni langu."

"La ngome njo lako. Lakini ile kinywa iliyosema sikuona, ni ya nani?"

Nikamwambia tuondoke wote, hata siku hiyo hiyo, nimfikishe mpaka mlangoni kwa mwalimu.

"Apana, ndugu yangu. Nielekeze tu nyumba."

Nilimchorea njia kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Alienda peke yake siku ya Alhamisi, akarudi jioni. Walichozungumza sijui, hakuniambia, nami sikuthubutu kuuliza. Nilimweleza kapteni ukweli, kombe tukalirudisha, naye akaninunia kwa miezi. Mama shemasi amerudi kusoma Neno kanisani. Tukikutana hunisalimia vizuri, huniuliza habari za nyumbani. Kwenye ubao hajakaa nami tena.