Shemeji Aliomba Chai, Nikampa Mrija

Nimekosa, jamani, na sitaki mtu anitafutie sababu. Ni wivu tu!

Naishi kijijini, upande wa Bukura. Boma letu lina nyumba mbili: yangu na ya shemeji, mdogo wa mume wangu. Ndugu hao wote wawili walikuwa walevi wa kutupwa. Halafu shemeji akavimba tumbo, macho yakawa ya manjano, na daktari akamwambia ini limeharibika, pombe basi. Akaacha!

Wangu hakuacha.

Mwaka haukuisha, shemeji na mkewe wakanunua ng'ombe wa maziwa. Mke wake, nimuite Rose, akanawiri. Jumapili wanaenda kanisani wakicheka kama wachumba, na mimi natoka kumwokota wangu kwenye mtaro! Kila asubuhi Rose aliwaletea watoto wangu kikombe cha maziwa. Nilishukuru kwa mdomo, lakini moyoni nilichomeka. Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?

Msimu wa palizi ya mahindi nikapika busaa, pombe yetu ya kienyeji. Kwetu ukiita watu wakusaidie shambani, unawawekea chungu cha busaa wanywe kwa mirija, na aliyeshika jembe akikataa mrija ni kama amekudharau. Nilijua hivyo. Ndiyo maana nikamwita shemeji.

Alipomaliza mistari yake akaomba chai. Nikapaza sauti wazee waliozunguka chungu wasikie.

"Kwani busaa yangu ni chafu? Ama mtu akinunua ng'ombe anakuwanga mzungu?"

Wakaangua kicheko. Shemeji hakucheka.

"Shemeji, si unajua vile daktari alisema?"

"Kidogo haiuangi mtu."

Akashika mrija. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi!

Hakuacha tena. Alirudi kulewa na kaka yake, akavimba upya, ng'ombe akauzwa ili alazwe. Tulimzika kabla mahindi yale hayajavunwa. Rose alinilalia begani akilia, akinishukuru kwa kukaa naye hospitalini. Hajui kwamba nilimwita makusudi!

Nilitaka tulingane. Haya, tumelingana: yeye ni mjane, na mimi nina mlevi ambaye sasa anakunywa kwa majonzi.

Juzi asubuhi Rose alibisha mlangoni na kikombe kile kile. Ndani kulikuwa na chai ya rangi.

"Pole dada, maziwa hakuna. Wape watoto hii."

Nilishindwa kumwangalia usoni.

Mwenzangu, usimwonee wivu mtu aliyeponyoka. Na akikuomba chai, tafadhali, mpe chai!